Shangazi, niliwaona watu wote wanachelewa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa Newala, hospitali wamesema nina baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Msimu wa korosho uliopita, hela ilipoingia, usingizi ulinihama. Saa tisa usiku nawapigia ndugu simu kuhusu duka nitakalofungua, nashangaa wanasema tusubiri kukuche. Mke wangu akiongea, nasikia redio inayoishiwa betri. Nikanunua pikipiki mbili, nikatoa arubuni ya kiwanja. Mama anasema ni majini. Sasa nakunywa dawa, ila siku zimekuwa ndefu, hazisogei. Kule nilikokuwa ilikuwa uongo? Nikiacha dawa je?*

Marahaba mwanangu. Ulichokihisi ulikihisi kweli. Mania, yaani ule upande wa kupanda, ikishika, mawazo hukimbia kuliko mdomo, na anayekimbia hivyo humwona kila mtu anajikokota. Kesho nayo husogea karibu mno: wewe duka ulishaliona limejaa bidhaa, basi arubuni ya nini kuiogopa? Mkeo wakati huo anahesabu ada za shule kwa kalenda ya ukutani.

Huo uzito wa sasa huenda ni dawa, huenda ni sonona, upande wa pili wa ugonjwa huohuo. Kwa barua siwezi kujua. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Kuacha mwenyewe ghafla, hapana, ugonjwa hurudi. Na kama dawa yako ni lithiamu na unafunga, muone daktari kabla ya Ramadhani. Kushinda bila maji kwenye joto letu hili kunaweza kuipandisha kwenye damu hadi ikudhuru, na kuamka daku kunakukata usingizi. Mgonjwa ameruhusiwa kula, usione haya.

Usingizi ndio wa kuuchunga. Ukilala masaa matatu, usiku wa pili vilevile, na bado unaamka mwepesi, siku hiyohiyo mkabidhi mkeo laini ya simu yenye hela, mwende kliniki. Kubalianeni sasa, ukiwa umetulia, kwamba ununuzi wowote mkubwa utangoja wiki mbili. Ukipanda utamwona anakuchelewesha na utamfokea. Mwambie leo akatae hata ukimfokea.

Mama msikilize kwa heshima, ila pesa ya mganga usitoe.

Pikipiki moja iuze. Arubuni nenda kaiombe kwa upole, ukiwa na mkeo. Wenye viwanja wengine wana utu.