Skripti ya kutuma mafaili inaganda kwenye mashine moja tu: pima MTU (saizi kubwa kabisa ya pakiti inayopita) kwanza

Mkuu, umesema matawi manne yanatuma mauzo ya siku kwa scp (amri ya kunakili mafaili kupitia ssh) bila shida, ila mashine ya tawi la tano inaganda mpaka asubuhi na haitoi kosa lolote. Yalinikuta haya, yakanimalizia siku tatu. Usianze kuandika skripti upya kama nilivyofanya mimi.

Toa kwanza lile jepesi. Kama inaganda kwenye cron (kiendesha kazi kwa ratiba) tu, ila ukiiendesha kwa mkono inapita, basi huenda ssh inauliza yes/no au paswedi na hakuna wa kuijibu. Weka -o BatchMode=yes. Badala ya kusubiri itakufa, na itasema kwa nini.

Yangu iliganda hata kwa mkono. Ping inajibu. Nikigonga bandari 22 (ya ssh) kwa nc, kile kijaribio cha bandari, seva inajitambulisha vizuri tu. Nikabadilisha kebo, nikamlaumu jamaa wa seva (nilishamwomba radhi). Laptop yangu, kwenye swichi ileile, ikatuma bila kinyongo! Nilipoendesha ssh -vvv kwenye mashine ile, mstari wa mwisho ulikuwa huu:

debug1: SSH2_MSG_KEXINIT sent

Hapo ndipo mashine inatuma orodha yake ndefu ya kuanzisha usimbaji. Baada ya hapo kimya. Yaani vipakiti vidogo vinapita, ile ya kwanza nono inapotelea njiani. Pima hivi (-M do inakataza pakiti kukatwa vipande, -s ni saizi):

ping -M do -s 1472 seva

1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP (ujumbe wa mtandao unaobeba ping na taarifa za makosa) ni 1500, saizi ya kawaida ya Ethernet. Kwangu kimya. Nikashuka hadi 1464, ikajibu palepale. Hiyo ni 1492, yaani PPPoE (aina ya muunganisho wa intaneti), maana yenyewe inakula baiti 8 kwa kila pakiti, na ni tawi lile tu lililokuwa na ruta ya namna hiyo.

Ruta ilikuwa inaiambia mashine ipunguze saizi, ila mashine haisikii: aliyeifunga aliruhusu ping tu kwenye fayawoli, ICMP nyingine zote akazipiga chini, eti usalama.

Kwa majaribio, shusha MTU ya mashine (eth0 ni kadi ya mtandao):

ip link set dev eth0 mtu 1492

Ikipita, umempata mchawi. Ukiiwasha upya mashine itarudi 1500, kwa hiyo dawa yenyewe ni hii kanuni ya fayawoli, ya kuruhusu ule ujumbe wa ruta, na uihifadhi:

iptables -I INPUT -p icmp --icmp-type fragmentation-needed -j ACCEPT

Na kwenye skripti tanguliza timeout 600 (sekunde) mbele ya scp, isikae usiku mzima bure. Ukishapima tupia hapa namba uliyopata, ila futa IP zako kwanza.