Nambari ya programu si jina lake

Naona PID za Linux zinapanda tu kila nikifungua programu. Je, haziishi? (Msomaji, Kisauni)

Huisha. PID ni nambari ambayo mfumo huipa kila mchakato, yaani programu inayoendelea kufanya kazi. Linux hugawa nambari kwa kupanda mpaka ifike kikomo, kisha hurudi chini kutafuta zilizo wazi kuanzia 300. Kikomo cha kawaida kilikuwa 32,768. Seva nyingi za biti 64 siku hizi zimewekewa 4,194,304. Chako kimo katika faili /proc/sys/kernel/pid_max. Nyuzi za ndani ya programu (threads, kazi ndogo zinazoendeshwa sambamba) nazo hula nambari, kwa hiyo programu moja nzito yaweza kumaliza nyingi.

Skripti yangu huandika PID ya seva ya tovuti kwenye faili, kisha huizima kwa kill. Juzi imezima hifadhidata! Ni virusi au nimerogwa? (Msomaji, Likoni)

Hamna virusi wala jini, yakhe. Seva yako ilikufa yenyewe, faili ikabaki na nambari ya marehemu, na nambari ikapewa hifadhidata. PID ni kama jezi namba 10: mchezaji akihama, huvaa mwingine. Amri ya kill haiulizi nani kaivaa, na ukiiendesha kama root, msimamizi mwenye mamlaka yote, hakuna wa kuizuia.

Hatari huzidi mashine ikizimwa na kuwashwa, kwani hesabu huanza upya. Ndiyo maana faili hizo huwekwa /run, ambayo hufutika kila mashine inapowashwa. Kabla ya kuua, tazama muda mchakato ulipoanza kwa ps -o lstart= -p ukifuatisha nambari. Hata hivyo, kati ya kutazama na kuua kuna mwanya, mdogo lakini upo. Mimi ningeitupa skripti hiyo na kumwachia systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kazi: yeye ni mzazi wa mchakato, yaani ndiye aliyeuanzisha, na nambari ya mtoto haigawiwi tena mpaka mzazi apokee taarifa ya kifo. Kama waandika programu mwenyewe, tumia pidfd_open, ombi kwa kiini cha mfumo lililoingia Linux 5.3 mwaka 2019. Hushika mchakato wenyewe, si nambari.

Kuna mchakato umeandikwa “defunct”. Nimeupiga kill -9 haufi. (Msomaji, Mji wa Kale)

Umeshakufa, dadangu, huwezi kuua maiti. Kumbukumbu yake imeachiliwa, imebaki nambari tu kwenye jedwali, ikimngoja mzazi. Mbane huyo mzazi. Akifa, kwa kawaida PID 1, mchakato wa kwanza wa mfumo, humchukua yatima na kumzika papo hapo. Wakiwa wawili watatu, waache. Wakiwa maelfu, programu ya mzazi ina kasoro.

Mbona PID za Windows zote hugawanyika kwa 4? (Msomaji, Changamwe)

Kwa sababu Windows hutoa PID kwa utaratibu uleule wa nambari za vishikio vyake (handles, ambavyo programu hutumia kushika faili na vitu vingine vya mfumo), ambazo huruka nne nne. Microsoft hawakuahidi itabaki hivyo, basi usiandike programu inayolitegemea. OpenBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, hata mfuatano haina: huokota nambari kwa bahati nasibu.