Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Anataka Kuvua Juu ya Barafu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimevua usipa na mbasa hapa Matema kwa zaidi ya miaka 30. Mwanangu anasoma mjini Duluth, Marekani, naye ananiambia kwamba mwezi wa Februari wenzake watampeleka kuvua Ziwa Superior, ambako watatembea juu ya barafu, watoboe tundu na kushusha mishipi humo. Je, barafu hiyo inaaminika? Nimwambie nini kabla hajaenda?
Mvuvi wa Matema, Kyela

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Wasomaji wetu wa Makete huona asubuhi za Juni na Julai maji ya ndoo yakiwa yameganda utando mwembamba juu, huku chini yakibaki maji. Ziwa nalo huganda kuanzia juu, kwa sababu maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo hayo huzama na yale yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Samaki huendelea kuishi chini yake.

Kwa mtu anayetembea kwa miguu, kipimo kinachopendekezwa ni barafu mpya, ngumu na angavu yenye unene usiopungua sentimita 10. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu karibu nusu tu ya ile angavu, kwa hiyo unene wake uwe maradufu. Kijana asitosheke na kipimo cha tundu la kwanza, bali agonge mbele yake kwa mtaimbo kadiri anavyokwenda na kupima tena na tena, kwani hatua chache tu zinaweza kumtoa penye barafu nene na kumfikisha penye nyembamba.

Hata hivyo, katika ziwa kubwa kama hilo, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 82,000, jambo ninalolihofia zaidi ni upepo, nawe unalijua kuliko mimi. Superior haligandi lote kila mwaka. Mara nyingi barafu hushika kandokando na kwenye ghuba, huku katikati kukibaki maji. Duluth iko kwenye ncha ya magharibi ya ziwa, kwa hiyo upepo unaovuma kutoka magharibi huisukuma barafu kuelekea ziwani, na ufa ukifunguka kati ya wavuvi na nchi kavu, hata barafu ya kukanyagwa na gari haitawafaa kitu, kwa kuwa wao na barafu yao wanachukuliwa pamoja. Mwezi wa Februari 2009, zaidi ya watu 100 walikwama hivyo katika Ziwa Erie na mmoja akafariki. Desemba 2023 wengine zaidi ya 100 waliokolewa katika ziwa la Upper Red, katika jimbo la Minnesota, ambamo Duluth pia imo. Wewe hutoi mtumbwi kabla ya kutazama upepo. Mwambie naye aulizie utabiri wa upepo wa siku nzima, na ukiwa wa kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, abaki nyumbani hata kama wenzake wanamsihi.

Avae jaketi la kuokolea maisha, na shingoni aning'inize vijiti viwili vyenye ncha za chuma. Akitumbukia, dakika ya kwanza atulize pumzi, kwani baridi humfanya mtu atwete na kumeza maji. Baada ya hapo ana takribani dakika 10 kabla mikono haijakosa nguvu. Ageukie upande aliotokea, ambako barafu ilikwishambeba, achomeke vijiti, apige miguu na kujivuta kifudifudi, kisha abiringike kuondoka hapo bila kusimama.

Kuhusu uvuvi wenyewe, utafurahi kusikia kwamba haukosi ujuzi: samaki jamii ya trauti hutafutwa zaidi karibu na sakafu ya ziwa, na chambo cha chuma hupandishwa na kushushwa taratibu, kwani wakati huo wa baridi samaki wengi huwa wazito.

Wengine huvua ndani ya vibanda wakiwa wamewasha jiko. Watu wa Njombe wanajua jiko la mkaa linavyoua ndani ya chumba kilichofungwa. Basi kibanda kiwe na tundu la hewa, hata baridi ikizidi.

Mwisho, amwachie mtu aliyebaki mjini maelezo ya sehemu anayokwenda na saa ya kurudi, ili akichelewa, msaada uitwe kabla ya giza.