Piano ya Oktoba, Vumbi la Nkuhungu

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia: "Wewe CPA uliisomaje huku unafanya kazi? Mimi nikirudi nyumbani kichwa kinagoma." Nimeona nimjibu hapahapa, maana najua wengi mnaonisoma mnaitaka hiyo CPA, cheti cha uhasibu, kama nilivyoitaka mimi.

Mtihani wa Novemba mwaka juzi nilifeli masomo mawili. Shemeji yangu, sahani ya pilau mkononi, akasema mbele ya ndugu wote kwamba "kuna wasomi, na kuna wasomi wa kujaribu." Nikacheka na wenzangu. Usiku sikulala. Nikabaki nabofyabofya simu mpaka nikaangukia piano tupu: haina mwimbaji wala ngoma.

Ilikuwa "Oktoba" ya Tchaikovsky, yule mtunzi wa muziki Mrusi. Mwaka 1876 jarida moja la muziki la St. Petersburg lilikuwa linatoa vipande vyake vya piano, kila mwezi kimoja, Januari hadi Desemba. Juni ni wimbo wa mwendo wa boti. Novemba kuna gari la theluji linalovutwa na farasi watatu, na kengele zao utazisikia. Oktoba majani yanapukutika: sauti ya juu inaimba taratibu kama mtu anayeongea peke yake, halafu sauti ya chini inamjibu.

Mwanzoni nilijilazimisha kuwaza theluji. Wapi! Na ukitafuta maelezo ya Kiswahili utaambiwa Oktoba ya kule ni vuli. Vuli ipi? Vuli ni mvua, tena sisi Dodoma hata hiyo vuli hatuna. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili, ikikataa imekataa. Kilichonifungua masikio ni mbuyu ulio nyuma ya nyumba ninayopanga huku mtaani Nkuhungu. Kiangazi chote umesimama uchi, chini vumbi jekundu, na upepo wa saa kumi jioni unapitisha mifuko ya plastiki. Nikajisemea, kumbe na sisi tuna kupukutika kwetu. Tangu siku hiyo nikaacha kuisafiri Urusi. Mwezi ukiingia, nasikiliza kipande cha mwezi huo, naangalia dirishani kwangu.

Basi ikawa hivyo mwaka mzima. Saa tatu usiku naoga, nakula mlenda wangu, nasikiliza kipande kimoja cha dakika chache, kisha nafungua kitabu. Siku moja mama mwenye nyumba akagonga, khanga kichwani, uso umekunjamana.

"Mwanangu, nani kafa?"

Sikumlaumu. Kwetu redio ikianza kupiga muziki wa namna ile, watu hukimbilia kuuliza ni kiongozi gani. Nilimweleza, akasimama mlangoni mpaka kipande kikaisha, akasema, "Kinatuliza, ila hakichezeki." Nikapunguza sauti.

Na hilo ndilo la kwanza nakwambia, dada: sauti ndogo. Ukiufungulia muziki kama wa harusi, hautakutuliza. La pili, usiweke muziki wenye maneno, utajikuta unaimba badala ya kusoma. La tatu, kipande kimoja tu kwa usiku. Pakua mapema, bando lisije likakata katikati ukaanza kugombana na simu. Ukimchoka Mrusi, kuna Mmarekani, marehemu George Winston, naye aliacha albamu za piano za majira, ya kwanza ya mwaka 1980.

Lakini niseme ukweli, vijana wenzangu, tatizo letu si kukosa muda. Tunaogopa kimya. Tunarudi kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, tumechoka, tunawasha runinga, tunafungua makundi ya WhatsApp, tunamsikiliza kila mtu isipokuwa nafsi zetu, halafu tunasema mtihani mgumu. Mtihani ni mgumu, ndiyo. Ila wewe jioni yako umeipeleka wapi? Jiulize. Mimi nilijiuliza, na ilinichoma.

Novemba mwaka jana nilirudia yale masomo mawili. Asubuhi ya mtihani nilisikiliza wale farasi watatu nikiwa kwenye bajaji, spika masikioni. Matokeo yalipotoka nilikuwa ofisini, nikaenda chooni kulia kwanza.

Kisha nikayapiga picha na kuyatuma kwenye kundi la familia. Pongezi zikamiminika hadi usiku, shangazi akatuma na ya soda. Shemeji kasoma. Tiki mbili za bluu, mpaka leo.