Gari linakunywa mafuta? Nionyeshe kwanza hesabu ya matenki matatu

Swali la wiki iliyopita liliulizwa na msomaji wa Lindi mjini. Amenunua gari dogo la petroli kutoka Japani, halijatimiza miaka mitatu tangu litoke kiwandani. Tangazo lilisema linakwenda kilomita 20 kwa lita. Yeye anapata 12, na angefurahi kufika hata 16. Fundi mmoja anataka asafishe nozeli zinazonyunyiza petroli kwenye injini na kubadilisha plagi. Mwingine anasema thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya injini yasizunguke mpaka yapate joto, itolewe kwa sababu huku ni ukanda wa joto. Amsikilize nani?

Kwa sasa asimsikilize yeyote kati yao. Mimi nasimamia magari ya ofisi moja hapa Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubishana na madereva kuhusu lita. Gari la umri huo ni nadra kuwa gonjwa. Mafuta huliwa na safari zenyewe, au na kitu ambacho mtu amekibadilisha baada ya gari kushuka bandarini.

Tuanze na hiyo 20. Haikutoka barabarani. Wajapani hupima gari likiwa juu ya rola ndani ya maabara, dereva akifuata mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde. Kipimo chao kilichotangulia, JC08, kilikuwa cha kilomita 8 na ushei, wastani wa mwendo kilomita 24.4 kwa saa, na kasi ya juu kabisa haikufika 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna abiria wanne na mizigo yao, hakuna mlima, hakuna mchanga. Baadaye wakaingia kwenye kipimo cha WLTC, ambacho kiko karibu zaidi na hali halisi na hutoa tarakimu za mjini, za viungani na za barabara kuu kila moja peke yake. Muuzaji wa mtandaoni akizikuta zote hizo huchagua iliyo kubwa kuliko zote na kuiandika kwa wino mwekundu. Kwa gari dogo lisilo haibridi, ukipata 14 au 15 katika mchanganyiko wa mjini na safari ndefu, shukuru. Hiyo 16 ipo, lakini ipo kwenye lami, gari likiwa jepesi na mguu ukiwa mwepesi. Haipo kwenye mizunguko ya sokoni.

Na hiyo 12 nayo imepatikanaje? Hakusema. Kama ameisoma kwenye dashibodi, kompyuta ya gari hukadiria tu, na mara nyingi hujipendelea. Kama ni ile hesabu yetu ya "nimeweka ya elfu thelathini, nikaenda mpaka taa ikawaka", hapo hakuna kilichopimwa. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo elfu thelathini ya mwezi huu na ya mwezi ujao si lita zilezile. Taa nayo huweza kuwaka mapema au kuchelewa kwa sababu tu gari limeinama kwenye mlima.

Fanya hivi. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na mhudumu asitikise gari ili aongeze. Rudisha trip mita kwenye sifuri. Tembea kama ulivyozoea, usijifanye mtakatifu kwa sababu unapima. Ukirudi, tumia pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawa kilomita kwa lita ulizolipia. Kilomita 412 kwa lita 34.6 ni 11.9. Ila usiamini tenki moja, kwa sababu sakafu ya sheli ikiinama kidogo tu, lita moja au mbili huongezeka au hupungua bila wewe kujua. Jumlisha kilomita za matenki matatu, jumlisha lita zake, ndipo ugawe.

Kuna mtego mwingine kwenye kilomita zenyewe. Watu wengi huku, gari likishafika, huvua matairi ya kiwandani na kuweka makubwa zaidi ili gari linyanyuke. Ukitoa 195/65R15 ukaweka 205/70R15, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 5. Mita inasoma kilomita 100 na wewe umekwenda 105, kwa hiyo sehemu ya ulafi unaoulalamikia haipo. Sehemu nyingine ipo kabisa: matairi yanayokuja na magari haya kutoka kiwandani huchaguliwa kwa wepesi wa kubingirika, na tairi lenye meno ya tope ni zito kulizungusha. Kama mwenzetu amefanya mabadiliko hayo, asiende gereji kabla hajapiga hesabu upya.

Upepo wa matairi ni jambo dogo lakini halikosekani katika kila ugomvi wangu na madereva. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Anayejua Msimbati ataelewa ninachosema: unapunguza upepo ili gari lisizame kwenye mchanga wa ufukweni, mnakula samaki, mnafurahi, halafu jioni unarudi Mtwara mjini kwenye lami na tairi lenye PSI 20, na wiki nzima inayofuata hujakumbuka. Hapo unapoteza mafuta na unalimaliza tairi kwa pembeni. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara inalipa gharama yake haraka.

Sasa safari zenyewe, na hapa ndipo ninapodhani lita za mwenzetu zinapopotelea. Anaishi Lindi mjini. Kutoka Rasbura kwenda sokoni, sokoni kwenda kazini, kazini kumfuata mtoto shuleni: kila kipande ni kilomita chache. Joto la Lindi linatudanganya tukadhani injini yetu huamka ikiwa ya moto. Hewa ya nyuzi 30 kwa injini bado ni baridi, kwa sababu maji yake hutakiwa kufika karibu nyuzi 90, na mpaka yafike huko kompyuta inamwaga petroli zaidi. Ukizima injini mara tu inapopata joto, ukaiacha saa mbili, ukaiwasha tena, unalipia uamsho huo kila mara.

Juu ya hapo ongeza kiyoyozi. Gari limeshinda juani, ndani ni tanuri, na kompresa hufanya kazi yake ngumu kuliko zote katika dakika zilezile za mwanzo. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kwenye joto kali kiyoyozi kinaweza kupunguza umbali wa kila lita kwa zaidi ya asilimia 25, hasa katika safari fupi. Hesabu hiyo peke yake inatosha kulishusha gari la 16 mpaka 12 bila fundi yeyote kugusa boneti. Sisemi ateseke kwa jasho. Aegeshe chini ya mwembe, afungue vioo vyote kwa mita mia kadhaa za kwanza hewa ya moto itoke, ndipo awashe. Aunganishe shughuli za siku ziwe mzunguko mmoja. Akiwa kwenye barabara kuu afunge vioo na kutumia kiyoyozi bila wasiwasi, maana kwa mwendo mkubwa vioo vilivyo wazi navyo hulivuta gari nyuma.

Barabara kuu ina adui mwingine. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 110 unakaribia kuwa mara mbili. Kati ya Mtwara na Lindi ni kama kilomita 110, na ukiondoa Mikindani, Mpapura, Mingoyo na vijiji vingine vyenye alama ya 50, dakika unazookoa kwa kukimbia ni chache. Nyingi utazirudisha nyuma ya lori la saruji. Kinachouma zaidi ya kasi ni ile tabia ya kukanyaga mafuta kwa nguvu ili umpite mwenye lori, kisha breki kali kwa sababu ya tuta la kijiji. Keria ya juu ya gari, kama haina mzigo leo, ishuke. Kilo 45 hivi za vitu visivyo na kazi kwenye buti hugharimu takriban asilimia 1, kwa hiyo gunia la korosho lililosahaulika tangu msimu nalo lishuke, ingawa hilo si mchawi wetu.

Kwa wanaopanda Newala, nina neno. Kupandisha gari la tani moja na robo mita 600 kwenda juu hutaka karibu lita nzima ya petroli, uendeshe kwa upole kiasi gani. Usipime safari ya kwenda peke yake. Pima ya kwenda na kurudi. Na wakati wa kurudi usiteremke na fri. Magari ya sasa hukata kabisa petroli ukiondoa mguu huku gia ikiwa ndani, ilhali kwenye fri injini inaendelea kunywa ili isizime. Zaidi ya hapo unaziachia breki peke yake kazi ya kulishika gari kwenye kona zile. Madereva wazee hawataki kuliamini hili kwa sababu wamejifunza kwenye magari ya kabureta, ambako hesabu ilikuwa nyingine.

Nikirudi kwa wale mafundi wawili. Wa plagi hana ubaya, ana haraka tu: plagi za iridiamu zilizomo kwenye magari mengi ya aina hiyo hudumu hadi kilomita 100,000. Wa thamostati ndiye wa kumkimbia. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta inaamini kila siku ni asubuhi na inaendelea kuongeza petroli. Yaani dawa anayoitoa ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwenzetu ahakikishe kwamba haijatolewa tayari na mtu mwingine kwenye sevisi ya kwanza. Aulize pia aliwekewa oili gani. Kama kifuniko cha kujazia oili kimeandikwa 0W-20, yaani oili nyepesi, ile 20W-50 inayosifiwa kuwa ya nchi za joto ni nzito bila sababu. Kichujio cha hewa akibadilishe kikichafuka, ila asitarajie muujiza: vipimo vya maabara ya Oak Ridge ya Marekani, 2009, vilionyesha kwamba katika injini za kisasa kichujio kilichoziba huua nguvu ya gari kuliko kinavyoongeza ulaji wa mafuta. Sumaku na vidonge vya kuokoa petroli sina la kusema juu yake.

Kitu kimoja cha gari ambacho ningekikagua mapema ni breki. Chumvi ya pwani haijali umri wa gari. Pini za kalipa zikishika kutu, pedi haziachii, na injini inavuta breki kutwa nzima. Endesha kilomita kumi hivi bila kukanyaga breki sana, simama polepole, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umepata kazi ya fundi.

Wengine watamwambia pampu za sheli zinaiba. Inawezekana, ila asithibitishe kwa dumu la lita 20, kwa sababu dumu hilo likijazwa mpaka mdomoni hubeba zaidi ya 20. Wakala wa Vipimo ndio wenye chombo sahihi, na kibandiko chao huwa kwenye pampu iliyokaguliwa.

Baada ya yote hayo, kama matenki matatu bado yanatoa chini ya 12, au kama ulaji ulipanda ghafla wakati safari ni zilezile, ndipo aende kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Amwombe vitu viwili. Kwanza joto la maji injini ikiwa imetembea nusu saa. Pili kiwango ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kila mara. Kikivuka asilimia 10 upande wowote, sensa au uvujaji wa hewa utafutwe kabla ya nozeli kuguswa.