Bima ya Afya Baada ya Kustaafu: Kabla ya Kuuliza Bei, Soma Mkataba

SWALI: Nina umri wa miaka 57 na nitastaafu nikifikisha 60. Kwa sasa mimi na mke wangu tunatibiwa kwa bima ya mwajiri wangu, na mwenzangu ana kisukari na shinikizo la damu. Nimeulizia bei za bima binafsi nikashtuka. Je, nijiunge sasa, nisubiri hadi nistaafu, au niachane na bima kabisa na kutenga sehemu ya kiinua mgongo kwa ajili ya matibabu?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, ila umeielekeza kwenye bei ya mwaka wa kwanza, ilhali litakaloamua kama wewe na mkeo mtakuwa na matibabu mkiwa na miaka 75 ni haki yenu ya kuendelea kubaki ndani ya bima, pamoja na masharti yanayohusu maradhi ambayo mkeo tayari anayo. Kwa ufupi, itumie miaka mitatu iliyobaki kuhakikisha kwamba hakuna hata siku moja itakayopita bila bima kati ya ile ya mwajiri na ile mpya, na usiiache bima kwa kutegemea kiinua mgongo peke yake.

Nianze na mwajiri. Bima ya kundi kwa kawaida huwapokea wafanyakazi bila kumpima kila mmoja, kwa sababu gharama za wagonjwa wachache hubebwa na wengi walio wazima. Siku unapotoka kwenye kundi hilo, kampuni ya bima huanza kukutazama peke yako: umri wako, historia yako ya maradhi, dawa ambazo mkeo anatumia. Baadhi ya mikataba ya kundi ina kifungu kinachomruhusu anayeondoka kazini kuhamia bima binafsi ya kampuni ileile bila kupimwa upya wala kuanza upya kipindi cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao bima bado hailipii maradhi fulani, mradi aombe ndani ya muda uliowekwa, ambao huwa mfupi. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria humpa mfanyakazi anayehusika siku 60 za kuamua kama anataka kuendelea na bima ya mwajiri, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini anaweza kutozwa hadi asilimia 102 ya gharama yote, yaani pamoja na sehemu ambayo mwajiri alikuwa akimlipia. Mahali pengine hakuna sheria ya namna hiyo, na kila kitu kinategemea maandishi ya mkataba. Kwa hiyo omba kuuona mkataba wenyewe, si kijitabu wanachogawiwa wanachama, kwa maana kijitabu huandikwa kukueleza unachopata na huwa kimya kuhusu siku unapoondoka.

Ukiupata mkataba wowote, wa kundi au binafsi, tafuta kwanza sehemu inayozungumzia kuhuisha, yaani kuiendeleza bima muda wake unapoisha. Mkataba unaosema kwamba bima “inaweza kuhuishwa kwa ridhaa ya kampuni” unaipa kampuni nafasi ya kukuacha mwaka ambao utaanza kuwa mzigo, wakati unaosema kwamba mwanachama “ana haki ya kuhuisha maadamu amelipa ada” unakulinda, hata kama ada itapanda. Hapohapo tazama umri. Kampuni nyingi huweka umri wa mwisho wa kujiunga, mara nyingi kati ya miaka 60 na 70, na baadhi huweka pia umri wa mwisho wa kubaki mwanachama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya: bima inayokupokea ukiwa na miaka 64 na kukutoa ukifikisha 70 ina thamani ndogo kwa mstaafu, hata ikiwa na bei ya kuvutia.

Kuhusu kisukari na shinikizo la damu, soma vikomo. Mkataba unaweza kutangaza kikomo kikubwa cha mwaka, kisha ndani yake ukaweka kikomo kidogo kwa magonjwa sugu, pengine sehemu moja ya kumi ya kiasi chote, na mgonjwa akajikuta amemaliza fungu lake katikati ya mwaka ilhali fungu la jumla halijaguswa. Uliza hasa kuhusu kusafisha damu, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi, na mgonjwa wa hali hiyo kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, ambayo ni mara 156 kwa mwaka. Kama mkataba unagharamia mara chache tu, ni afadhali ulijue hilo sasa. Na wala usifiche ugonjwa kwenye fomu ili ada iwe ndogo. Kampuni itaugundua kwenye faili la hospitali siku ya dai kubwa, na dai hilo litakataliwa kihalali.

Sasa nijibu swali lako la wakati. Kama mkataba wa mwajiri hauna haki ya kuhamia bima binafsi, ningekushauri mjiunge kabla hujastaafu, hata kama ni kwa bima ya kulazwa pekee. Mtalipa ada mbili kwa muda, na hakuna bima itakayolipia tiba ileile mara ya pili, lakini kipindi cha kusubiri kwa maradhi yaliyokuwapo, ambacho kinaweza kufika mwaka mmoja au zaidi, kitapita mkiwa bado mnatibiwa na mwajiri. Kuchelewa kuna gharama zake: nchini Australia, anayechelewa kujiunga na bima binafsi ya hospitali huongezewa ada kwa asilimia 2 kwa kila mwaka wa umri wake unaozidi miaka 30, hadi asilimia 70. Mahali pasipo kanuni kama hiyo anaweza kukataliwa tu.

Bei yenyewe ipigie hesabu ya miaka mingi. Tuseme leo ada inachukua 10 katika kila 100 ya pensheni yako. Ada ikipanda kwa asilimia 10 kila mwaka na pensheni kwa asilimia 4, baada ya miaka 15 ada itakuwa karibu 42 na pensheni 180, yaani zaidi ya 23 katika kila 100, na hapo sijahesabu mruko wa ada unapoingia kundi jingine la umri. Ndiyo sababu siwashauri wastaafu kununua bima pana kuliko wanavyoweza kuimudu kwa muda mrefu. Bima ibebe kile ambacho kingewafilisi, yaani kulazwa, upasuaji, saratani, figo na moyo. Miwani, meno, vifaa vya kusikia na hata ziara za kawaida za kliniki mnaweza kuzilipia kutoka kwenye akiba, na hapo ndipo kiinua mgongo kina kazi. Akiba hiyo itahitajika pia kwa uangalizi wa muda mrefu nyumbani, kama vile kumwogesha na kumlisha mtu asiyejiweza, ambao bima nyingi za afya haziugharamii. Hata Medicare, mpango wa serikali ya Marekani kwa walio na miaka 65 na zaidi, haulipii uangalizi wa aina hiyo ikiwa ndio pekee anaouhitaji mgonjwa.

Fedha taslimu peke yake haitoshi kwa sababu haina namna ya kujaza pengo la ugonjwa mmoja mkubwa unaokuja mapema, na katika hali yenu mnahitaji kuwalinda watu wawili kwa fungu moja.

Kuna jambo moja hukuliuliza. Katika bima ya mwajiri mkeo amesajiliwa kama tegemezi wako, na katika mikataba mingi haki ya tegemezi hukoma mwanachama mkuu anapofariki. Uliza kwa maandishi kama mjane anaweza kuendelea na bima kwa jina lake bila kupimwa upya. Ukijibiwa kwamba hawezi, mwandikishe kwenye bima mpya akiwa mwanachama anayejitegemea, hata kama ada za watu wawili wanaojitegemea zitazidi ile ya familia.