Kununua kipande cha msitu: maswali yenu

Maswali ya msitu yamejaa, nachukua manne yanayojirudia.

Nimepata msitu mdogo, bei inaniridhisha. Nikague nini kabla sijalipa?

Njia kwanza. Sio kinjia cha miguu, nasema njia ambayo lori linapita likiwa na magogo, na haki ya kuipita iwe imeandikwa, maana "jirani hana neno atakuruhusu" haitoshi, siku jirani akiuza unabaki na miti usiyoweza kuitoa. Halafu tembea mpaka wote na mpima ardhi, bikoni moja baada ya nyingine mkiwa na ramani mkononi, usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Uliza pia kama miti yenyewe imo kwenye mauzo, kuna watu huuza ardhi huku miti iliyosimama wameshamuuzia mwingine. Na urudi tena mvua ikishanyesha uone maji yanatuama wapi.

Miti imebanana. Nikate mikubwa niuze, midogo ipate kukua?

Hapana, tafadhali sana! Hapa ndipo misitu mingi mizuri inaharibiwa. Kwenye miti iliyopandwa pamoja, huo mwembamba sio mtoto, una umri uleule na mkubwa, ulizidiwa tu kugombania mwanga, sasa ukiondoa wakubwa unabakiwa na wanyonge na mbegu utapata kwa hao hao. Anza na ile utakayobakiza: iliyonyooka, yenye kichwa kipana cha majani mabichi, ipake alama ya rangi. Kisha simama chini yake utazame juu, mti gani umeingiza matawi kwenye kichwa chake? Huo ndio wa kutoka, pamoja na uliopinda na wenye ugonjwa. Hekta iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ina miti 1,600, yote haiwezi kunenepa hata ufanyeje. Ila usitoe mingi kwa mkupuo, miti iliyozoea kukingana ukiiacha wazi ghafla upepo unailaza. Na upime: zungusha futikamba kwenye shina mita 1.3 kutoka chini, gawa kwa 3.14 upate kipenyo, andika, baada ya mwaka mmoja au miwili pima mti uleule.

Miti iliyokauka niisafishe?

Ya karibu na njia au nyumba toa, inaangusha matawi bila taarifa. Mingine iache jamani, kigogota anatoboa humo, akihama anaingia ndege mwingine au popo, na wengi wao wanakula wadudu. Ila ukiona miti inakauka mmoja baada ya mwingine, bandua gome kidogo, ukikuta vinjia vya wadudu na ungaunga ita mtu wa misitu mapema.

Nikikata, kisiki kitachipua?

Inategemea mti. Mkaratusi na mtiki vinachipua vizuri, misonobari mingi haichipui, hiyo unapanda upya. Kata chini, mkato uwe na mwinamo maji yasikae juu ya kisiki, machipukizi yakitoka bakiza mawili matatu yenye nguvu na uzuie mifugo isiyafikie. Kibali cha kukata ulizia kabla, hata kama msitu ni wako. Kama utatumia msumeno wa mashine ujifunze kwanza, vaa kofia ngumu, usiende peke yako, na mti ulioanguka ukaegemea mwingine usipite chini yake kabisa.